Kibao Kilichokataa Kukauka

Mwanangu Maimuna,

Salamu umenipa asubuhi, nikakuitikia marahaba, na kesho utanipa nyingine ya kuagana. Kati ya salamu hizo mbili nina siku ya leo tu, na nusu yake nimeimaliza nikitafuta kalamu. Ndani hakuingiliki. Shangazi zako wamejaa mpaka uani, wewe umefungiwa chumbani na hina miguuni, na mimi nimefukuzwa kama paka aliyeonekana karibu na samaki. Nimekuja kukaa kwenye kibanda changu cha rangi, juu ya debe, na goti ndilo meza yangu.

Sitakuandikia namna ya kuishi na mume. Mama yako ameshakuambia, somo yako amekuambia zaidi, na vicheko vyenu vilivyopenya ukutani vilitosha kunijulisha kwamba hiyo si zamu yangu. Habari za jiko, za wageni na za kumheshimu mavyaa nazipita pia. Nataka kukuandikia habari ya brashi. Usiikunje barua, tafadhali. Najua neno hilo halitajwi baina yetu, na mimi ndiye niliyelifanya lisitajwe.

Miaka mitano sasa. "Shikamoo baba." "Chakula tayari, baba." "Abee, baba." Hayo ndiyo uliyonibakishia, nami nimeishi nayo kwa kujifanya kwamba ndiyo adabu ya msichana aliyekua. Mwaka jana mama yako aliniambia tukiwa tunakula, "Mtoto yuwakwamkia kwa mdomo tu. Moyo wake ushahama nyumba hii zamani." Nikamwambia anyamaze ale. Kisha wakaja wajumbe wa Tanga kukuposa, ukaitwa ukaulizwa. Nilitegemea utalia kidogo, au utaomba siku mbili za kufikiri. Ulisema "Nimekubali" kabla mama yako hajamaliza swali. Rashidi ni kijana mwema, nimemchunguza kwa watu watatu, lakini wakati ule ulikuwa hujamwona hata kivuli. Nilijua pale pale unachokikimbia, na usiku huo sikula.

Ulikuwa na miaka saba ulipoanza kunioshea brashi. Hakuna aliyekutuma. Nilikuwa nikirudi kutoka Kipevu, nilikokuwa nikiandika namba kwenye milango ya maghala, nazitupa brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa na nywele zake chini, nakwenda zangu kuoga. Kesho yake nazikuta zimepinda shingo, nazitukana. Siku moja nikakuta zimelala kifudifudi juu ya kitambaa, safi, ncha zimekutana kama majani ya mchai. Nikauliza ni nani. Ukasema, "Ni mimi, baba. Zilikuwa zasimama kwa vichwa, nikazionea huruma." Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni.

Baada ya hapo ukawa na utaratibu wako, na utaratibu huo nimekuja kuuelewa nikiwa nimeshaupoteza. Ulizifuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kutoka shingoni kwenda nchani, wala hukurudisha mkono nyuma. Ukazisuuza kwa mafuta ya taa, kisha kwa tapentaini kidogo. Ukazisugua kwa sabuni ya kipande katika kiganja, taratibu, mpaka povu litoke jeupe kabisa, na kama lilikuwa na hata kivuli cha bluu ulianza upya. Nilikuwa nakuona kupitia mlango huu huu na nasema moyoni, mtoto huyu atamaliza sabuni ya nyumba nzima. Mwisho ulizipaka tone la mafuta ya nazi, ukazifinya ncha kwa vidole viwili, ukazilaza kwenye mkebe wa biskuti pamoja na kipande cha kafuri ili mende wasizile. Na asubuhi kabla sijaandika ulizitoa yale mafuta kwa tapentaini, ukazipitisha juu ya karatasi ya kaki. Karatasi ikionyesha doa linalopenyeza mwanga, ulizirudisha kuosha. "Bado zina mafuta, baba." Brashi yenye mafuta ya nazi haikaushi rangi hata ukiingoja mwaka. Hilo ulilijua ukiwa na miaka minane. Mimi fundi nililijua pia.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui.

Ulipokuwa ukiosha, rangi ya mwisho iliyobaki kwenye nywele ulikuwa ukiimalizia kwa kuandika nyuma ya vibati vibovu. Niliviona, mwanangu. Nilikuwa nikingoja uingie ndani ndipo nivipindue. Herufi zako zilisimama. Mimi S yangu imenisumbua tangu ujana, tumbo la chini huwa kubwa kama limeshiba daku, na wewe uliichora kwa mkono mmoja usiotetemeka, kichwa na tumbo vikapatana. Siku ile ya kibao cha muuza kahawa wa Magongo nilikuacha umalizie mstari wa chini nikaenda kuswali Alasiri. Mwenyewe alipokuja kuchukua akasema, "Fundi, mstari wa chini huu umependeza kuliko wa juu. Mkono wako umekomaa." Nilimwambia, "Alhamdulillahi." Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi, ukatabasamu, ukadhani tunachekea siri moja. Mimi sikuwa nacheka. Kuna kitu kilinichoma hapa kifuani, na nilikipa majina mengi, uchovu, njaa, joto. Kilikuwa wivu. Baba mzima na ndevu zake anamwonea wivu mtoto wa miaka kumi na tatu.

Mwaka uliofuata ndio uliokuja na kibao cha Bwana Faraj.

Unaikumbuka Jumanne ile vizuri kuliko mimi, lakini niache niiandike kwa mkono wangu. Ramadhani nzima sikuwa na kazi, na brashi zote nne nzuri ulizilaza mkebeni zimekolea mafuta ya nazi, kwa kuwa zilikuwa zikae mwezi. Baada ya Idi akaja Bwana Faraj kutoka Changamwe kutaka kibao cha duka lake jipya la nguo, herufi za dhahabu juu ya kijani, na Ijumaa baada ya swala anafungua. Nilikuwa nimeahidi wengine wawili wiki hiyo hiyo. Nilifungua mkebe na pupa yangu, nikazichukua zote nne. Ukaja mbio kutoka uani, mikono ina unga.

"Baba, hizo zina mafuta bado. Ngoja nizitoe, si kitambo."

"Nenda kamsaidie mamako. N'tazitoa mwenyewe."

"Ni mengi, baba. Ni ya mwezi mzima."

"Maimuna, ni wewe fundi au ni mimi?"

Ukasema, "Ni wewe, baba," ukarudi kwenye unga wako. Tapentaini ilikuwa imebaki kidogo chini ya chupa. Nilizifuta zile brashi kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, nikasema inatosha, nikazichovya zote katika kopo moja la rangi. Karatasi ya kaki ilikuwa pale juu ya rafu. Sikuigusa. Ukiniuliza kwa nini, nitakuambia haraka, na nitakuwa nimesema nusu. Nusu ya pili ni kwamba ungeniona nikiipitisha brashi juu ya karatasi yako, nami sikutaka kufundishwa kazi yangu.

Ijumaa watu walijaa kwa Bwana Faraj. Mama yako alikuwa amepika mahamri ya shughuli, na wewe ulikuja naye kuyabeba. Kibao hakikuwa kimetundikwa bado, kilikuwa kimeegemezwa ukutani karibu na mlango ili kila aingiaye akione. Kiling'aa, wallahi. Maalim akasoma dua, watu wakaitikia amin, ikapitishwa halwa na kahawa, na Maalim, mtu mzima, akachoka kusimama akajiegemeza pale pale. Alipogeuka kuchukua kikombe, watu wote tuliona NGUO ZA KILA AINA imeandikwa kinyume mgongoni mwa kanzu yake nyeupe, kwa dhahabu. Duka likaangua kicheko. Siku nyingine ningecheka kuliko wote.

Bwana Faraj hakucheka. Akapitisha kidole juu ya jina lake, nalo likafuata kidole. Akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, rangi ya siku tatu haijakauka? Rangi gani hii?"

Kulikuwa na maneno mafupi kabisa ya kujibu. Nimekosea, bwana, nitakiandika upya. Hata pumzi moja hayamalizi. Nikatazama huku na huku, nikakuona mlangoni na sinia ya mahamri.

"Maimuna! Hebu ndoo hapa."

"Abee, baba."

"Si wewe uoshaye brashi zangu? Zile za Jumanne uliziosha?"

Ulinitazama. Sikumbuki sura ya mtu yeyote aliyekuwapo siku ile ila yako. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba baba alinikataza, na lingeniweka mahali pangu. Ukainamisha macho ukasema, "Sikuziosha, baba."

Ilikuwa kweli tupu, na ulinipa niitumie nitakavyo. Nami nikaitumia. Nikawaambia watu, "Mnaona? Ameziacha na mafuta. Uzembe wa watoto huu." Bwana Faraj akasema, "Mtoto wa kike na kazi ya fundi, wapi na wapi!" Watu wakacheka tena, na mimi, mwanangu, nikacheka nao. Kisha nikakutangazia pale pale kwamba tangu leo usiguse brashi yangu. Ulisema, "Naam, baba," ukaendelea kupitisha mahamri. Ulimpitishia kila mtu, hukumruka hata mmoja. Mkono haukutetemeka hata hapo.

Na katika aibu yote ile, kuna sehemu yangu iliyofurahi. Hiyo ndiyo inayonitafuna kuliko uongo wenyewe. Nilikuwa nimeondokewa na mtu aliyeandika S nzuri kuliko yangu, na sababu nimeipata mbele ya mashahidi.

Nilidhani yataisha kwa wiki mbili. Aibu ya mtu mzima hupita, watu wakaona haya kumkumbusha. Ya mtoto wa kike huandikwa. Watoto wa hapa kwetu Jomvu wakakuita Bi Mafuta. Wanawake wakawa wakikusifu uso na tabia, kisha wanaongeza, ila mkono wake mzembe. Nilisikia msikitini, nilisikia kisimani, nilisikia kwa kinyozi nikiwa na sabuni kidevuni. Kila mara nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila mara niliimeza. Wewe ulisikia pia, na hukufungua mdomo. Ulinisitiri. Miaka mitano msichana amebeba uzembe wa babake kama mtungi, na hakumwaga hata tone.

Kama ulitaka kulipiza, brashi zimekulipizia. Niliziosha mwenyewe baada ya hapo, yaani sikuziosha. Ya kwanza ilikaukiwa na rangi shingoni, nywele zikapanuka, haifai hata kupigia chokaa. Ya pili nilijaribu kuilainisha kwenye maji ya moto, gundi ikaachia, nywele zikabaki kwenye kopo na mpini mkononi. Mbili zilizobaki nilizipaka mafuta kama ulivyokuwa ukifanya, nikasahau kafuri, mende wakafanya karamu. Sasa kwa kuwa Uhuru unakaribia kila mwenye duka anataka kibao kipya, na vijana wa Kisauni ndio wanaoitwa. Mimi nazungukwa kwa heshima. Juzi mtu mmoja alinitazama nikiandika akasema, "Mzee, zamani mkono wako ulikuwa mwingine." Nilitaka kumwambia, ulikuwa wa mwanangu.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa leo. Ningeweza kukuacha uende na siri yako, na mimi na yangu, tukaandikiana barua za kuulizana afya mpaka mmoja wetu afe. Kilichonikalisha ni mavyaa yako, mamake Rashidi.

Juzi, baada ya nikahi, nilikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Yeye na mama yako walikuwa ndani ya mlango, hawakuniona. Akauliza, "Ati ndiye huyu aliyemharibia babake kibao cha watu?" Mama yako akasema ni mambo ya utotoni hayo. Akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, akasema, "Haya. Basi kwangu ataanzia vyungu, na kila chungu n'takikagua mwenyewe." Maimuna, nilikuwa hatua tatu. Nilikuwa na ulimi, na kahawa haikuwa ya moto. Nilikaa nikasikiliza jina ulilopewa na uongo wangu likipanda gari kwenda Tanga kabla yako wewe. Utakaguliwa vyungu huko mpaka uzeeke. Ukivunja kikombe kama kila mtu avunjavyo, watasema, tuliambiwa. Utazaa, na mtoto akiugua watasema, mamake mzembe tangu kwao. Na kesho saa nne asubuhi gari litakuchukua kwenda kivukoni Likoni, mkapande basi upande wa pili, na baada ya hapo watu hawa hawatakusanyika tena mahali pamoja mpaka mazishi yangu. Nina asubuhi moja. Nimeihesabu kwa kila namna, hakuna ya pili.

Sijui kama nitaweza. Hilo ndilo linalonitia wazimu hapa kwenye debe. Ninajijua. Mimi ni mtu wa kusema inatosha na kufuta mikono kwenye suruali. Tangu juzi nimejiambia mara kumi, leo nitamwambia Rashidi, na mara kumi nimemuuliza habari ya barabara ya Lunga Lunga. Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba msamaha humu ndani, uusome ukiwa mbali, unisamehe au usinisamehe, nami nisikuone uso. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona nilichokuwa nikifanya. Nilikuvunja mbele ya duka zima, kisha nataka kukuunga ndani ya bahasha.

Bahati njema, leo asubuhi, kabla woga haujanirudia nikaitafuta kalamu, nilikuwa nimeshapanda baiskeli mpaka Changamwe nikamwalika Bwana Faraj aje kukuaga. Alishangaa, akasema atakuja. Maalim atakuwapo kwa dua ya safari. Mavyaa yako atakuwapo, na Rashidi, na majirani wote, maana hakuna anayekosa kutazama bibi harusi akiondoka. Nimejifungia mlango wa kutokea nikiwa bado na ushujaa wa asubuhi.

Nakuomba jambo la malezi moja tu, na nalisema nikiwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kulisema. Ulichonifanyia mimi usimfanyie Rashidi. Akikosea, mwambie amekosea, mkiwa wawili, kwa upole, lakini mwambie. Usiinamishe macho ukampa maneno ya kujifunikia. Mimi yalinifunika mpaka nikaoza ndani yake. Na ukiona mtoto wako anafanya jambo vizuri kuliko wewe, mwite jina lake mbele ya watu siku hiyo hiyo, kabla hujapata muda wa kukitafutia jina lingine kile kinachochoma kifuani.

Magharibi inaadhiniwa, na nuru ya kibandani inaniishia.

Kesho, kwa desturi, utaletwa mbele yangu uniombe radhi kabla ya kutoka. Utataka kupiga magoti na kunishika mikono, na mimi natakiwa niseme, "Nimekuradhi, mwanangu, nenda salama." Usipige magoti. Nimekuradhi tangu siku uliyozionea huruma brashi zilizosimama kwa vichwa, na sina radhi nyingine ya kukupa. Mimi ndiye nitakayeomba. Nitasimama pale mlangoni, nitawaambia brashi za Jumanne zilikataliwa kuoshwa na nani, na kibao kiliharibiwa na nani, na herufi za mstari wa chini katika kibao cha muuza kahawa ni za nani. Kisha nitakuomba radhi wewe, mbele yao, na ukininyima utakuwa na haki, na gari liondoke hivyo hivyo.

Barua hii nitampa mama yako akufungie kwenye ukaya wako wa kichwani asubuhi. Ukiniona nimesimama mdomo wazi, nakohoa, nauliza habari ya barabara, ujue nimeshindwa tena. Basi itoe. Isome kwa sauti, wasikie mpaka walio nje, usiruke mahali hata pale penye wivu. Nitakuwa nimesimama hapo hapo, sitaondoka. Usinisitiri tena.

Babako